Mama, mfumo umekataa

Tarehe 27 Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu ya Machakos alifuta vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyokuwa vikimfanya mkulima wa Kenya kuwa mhalifu kwa kumuuzia jirani mbegu ambazo hazijaidhinishwa, au hata kubadilishana naye. Adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka 2, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Mkaguzi aliruhusiwa kuingia kwenye benki ya mbegu ya kijiji, akafungua mitungi, akabeba alichokiona. Kesi ilipelekwa mahakamani mwaka 2022 na wakulima 15 wadogo, watu wa kuhifadhi mbegu za kienyeji, na walisubiri miaka mitatu kupata jibu.

Nilipiga simu nyumbani, upande wa Taita, kuwapa habari. Hakuna aliyeshangilia. Hawakujua kama kulikuwa na katazo. Shangazi yangu, ambaye amegawa mbegu za kunde tangu sijazaliwa, aliniacha nieleze hadi mwisho kisha akauliza: "Kwani kunde zangu ni bangi?"

Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa kichwani. Serikali iliyokuwa na macho makali kiasi hicho kwa kilo mbili za kunde imekuwa na usingizi mzito kwa kitu kingine kinachotoka mikononi mwa mkulima yule yule, tena kila msimu: taarifa zake. Namba ya kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba, alichopanda, alichovuna, alichokopa, alicholipa. Mbegu ikivuka ua, sheria ilitaka kujua imetoka wapi na nani kaipima. Taarifa zikivuka ua, hata risiti haitolewi.

Nisiwe mnafiki. Sheria kali ya mbegu ilikuwa na sababu yake. Yeyote aliyewahi kununua pakiti ya mbegu mwezi Machi, akapanda, akangoja, kisha akaona mistari imetoka mmea mmoja hapa na mwingine kule, anajua mbegu feki ni wizi wa mwaka mzima. Kuna watu huchukua mahindi ya kula, wakayapaka rangi, wakayafunga kwenye pakiti inayofanana na ya kampuni yenye jina. Ndiyo maana KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, likaleta ile lebo ya kukwangua: unakwangua, unaona namba, unaituma kwa ujumbe wa simu, unajibiwa kama mbegu ni halali na imetoka kwa nani. Hapo nasimama na serikali kwa miguu miwili.

Kosa lilikuwa kumweka tapeli wa pakiti na jirani mwenye kunde kwenye selo moja. Na mtu aliyeandika sheria ile, nadhani, alikuwa akifikiria mahindi tu. Mahindi ya chotara, kama yale ya H614 kutoka Kitale, mkulima ananunua kwa hiari yake kwa sababu ukirudia kupanda uliyovuna, mazao yanaporomoka. Lakini nani anauza pakiti ya njugu mawe? Muhogo hupandwa kwa kipande cha shina, na kipande hicho unakipata kwa jirani anayepunguza shamba lake. Viazi vitamu ni hivyo hivyo. Kwa mazao haya, jirani ndiye duka la mbegu. Kumharamisha ni kufunga duka la pekee lililopo, kisha kumlaumu mkulima kwa kulala njaa.

Sasa tuje kwenye GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni zake maabara, kwa sababu hapo ndipo usimamizi wetu unapojionyesha ulivyo.

Kenya ilitunga Sheria ya Usalama wa Kibayolojia mwaka 2009, na kwa sheria hiyo ikaunda mamlaka yenye wanasayansi wa kuchunguza kila ombi. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2012, utafiti wa Ufaransa ukatoka na picha za panya wenye uvimbe mkubwa, waliolishwa mahindi ya GMO. Novemba mwaka huo huo baraza la mawaziri la Rais Kibaki likapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO nchi nzima. Novemba 2013 jarida lililouchapisha utafiti ule likaufuta kwenye kurasa zake. Marufuku ikabaki palepale karibu miaka kumi. Kisha tarehe 3 Oktoba 2022, wiki chache tu baada ya serikali mpya kuapishwa na ukame ukiwa umekaza, baraza jingine la mawaziri likakaa likaiondoa. Mwezi uliofuata waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akawaambia Wakenya kwamba nchi hii ina vitu vingi vya kumuua mtu, kwa hiyo kuongeza GMO kwenye orodha si neno. Kesi zikafuatana, mahakama hii ikasimamisha, ile ikaruhusu, mambo yakapanda hadi Mahakama ya Rufani.

Angalia uamuzi wa kwanza na wa pili. Unaweza kuupenda mmoja na kuuchukia mwingine, lakini vyote viwili ni mtoto wa baba mmoja: mawaziri chumbani, mlango umefungwa, mkulima anasikia kwenye redio. Majirani zetu Tanzania nao walifanya ya kwao. Majaribio ya mahindi ya GMO yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na Novemba 2018 wizara ikaamuru yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Amri moja, shamba likafyekwa.

Mimi binafsi siogopi kula mahindi ya Bt. Jeni iliyowekwa humo imetoka kwa bakteria wa udongoni, inatengeneza protini inayomuua funza anayetoboa bua, na binadamu wameyala tangu miaka ya 1990. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017 niliona shamba la watu likigeuka nyavu, majani yametobolewa hadi moyoni mwa mmea, na akina mama wakitia majivu na mchanga kwenye vikonyo kimoja kimoja kwa mkono. Mtu akija na mbegu inayompunguzia mama yule kazi hiyo, simfungii mlango.

Ila swali la "je, itatudhuru tukila?" limekula nafasi ya maswali mengine yote. Mfano ninaourudia kila nikibishana na watu ni wa Burkina Faso. Nchi ile iliruhusu pamba ya Bt mwaka 2008, kwa makubaliano na Monsanto, kampuni ya mbegu ya Marekani. Kwa upande wa wadudu ilifanya kazi. Wakulima waliokuwa wakipuliza dawa mara sita kwa msimu walishuka hadi mara mbili, na wengi waliifurahia. Kilichoharibika ni nyuzi. Pamba ya Burkina Faso ilikuwa na sifa sokoni kwa nyuzi zake ndefu, na aina mpya ikatoa nyuzi fupi zaidi. Kampuni za pamba zikaanza kupata bei ya chini kwa mali ile ile, zikadai fidia, na kufikia 2016 nchi ilikuwa ikiiacha pamba hiyo na kurudia ya zamani. Hakuna aliyeugua. Hakuna panya aliyeota uvimbe. Wakaguzi wa usalama wangeweza kupiga muhuri wa ndiyo siku zote, na bado watu wakapoteza fedha.

Afrika Kusini nayo ilipata somo la aina nyingine. Kufikia 2007 funza wa mabua walikuwa wameshaizoea sumu ya mahindi ya Bt. Kanuni inataka mkulima aache sehemu ya shamba na mahindi ya kawaida, ili funza wasiozoea sumu waendelee kuzaana na wale wachache waliozoea. Shambani, hasa shamba la ekari moja, nani ataacha sehemu iliwe na funza kwa ajili ya faida ya wengine? Na nani wa kwenda kukagua? Hilo ni swali la usimamizi, na jibu lake haliko maabara. Liko kwa afisa wa kilimo wa wadi, ambaye siku hizi ana pikipiki isiyo na mafuta na maelfu ya wakulima wa kuwahudumia.

Sasa hapa kwetu ukiuliza: mbegu ya Bt itauzwa bei gani baada ya misimu mitano? Jeni imetolewa bila mrabaha kwa wakulima wadogo, sawa, lakini mkulima akishakuwa mkubwa kidogo? Mbegu zikichelewa kuingia nchini nani anamlipa aliyelima akangoja? Maswali haya hayana ofisi. Mamlaka ya usalama itakuambia si kazi yake, na haikosei.

Na ndivyo ilivyo kwenye data, tena huko ni zaidi.

Mwanzoni mwa 2023 serikali ilisajili wakulima nchi nzima, mamilioni ya watu, machifu na vijana wenye simu wakipita nyumba kwa nyumba. Lengo lilikuwa mbolea ya ruzuku. Zamani magunia ya serikali yaliishia kwa wafanyabiashara wakubwa, mkulima anaambiwa imekwisha kabla lori halijazima injini. Sasa ujumbe unakuja kwenye simu yako, unakwenda ghala ukiwa na kitambulisho. Bei ya gunia ilishushwa hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka uliofuata. Siwezi kusema usajili ule ni kitu kibaya.

Lakini mahakama zetu zilikuwa zimeshasema jambo kabla. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma, kitambulisho kipya cha kidijitali, ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikufanya tathmini ya athari kwa data za watu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Nilitarajia kwamba baada ya pale, kila orodha kubwa ya serikali ingeanza na karatasi hiyo kutangazwa hadharani: tunachukua nini, tutakaa nacho muda gani, tutampa nani. Hebu waulize wakulima kumi waliosajiliwa kama waliwahi kusomewa kitu kama hicho. Wengi watakuambia waliulizwa wana mbuzi wangapi.

Upande wa makampuni binafsi, habari ni hiyo hiyo, ila kwa sauti ya upole. Shangazi aliomba mkopo wa pembejeo kwa kampuni moja inayofanya kazi zake kwa simu. Kijana wa kampuni alikuja shambani, akazunguka mipaka na simu mkononi, akapiga picha, akamwuliza maswali nusu saa. Baada ya siku chache akampigia: "Mama, mfumo umekataa."

Umekataa kwa nini? Kijana hakujua. Msimamizi wake hakujua. Shangazi akadhani amefanya kosa kwenye majibu, akaomba aulizwe tena.

Kampuni haisemi mfumo wake unatazama nini. Lakini nyingi za aina hii huchanganya historia ya miamala ya simu, mvua, na picha za satelaiti. Sasa chukua satelaiti ya Sentinel-2 ya Ulaya, ambayo picha zake ni za bure na watu wengi wanazitumia. Pikseli moja yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10. Shamba la shangazi ni robo ekari, yaani mita za mraba 1,000 hivi. Maisha yake yote ya ukulima yanaingia kwenye pikseli kumi! Na katika hizo kumi, ngapi ni mahindi matupu? Pembeni kuna migomba, kwenye matuta kuna nyasi za ng'ombe, katikati ya mahindi kuna maharagwe, na mpera mmoja hataki kuukata. Kutoka angani hilo si shamba, ni kichaka. Ongeza mawingu: milima ya Taita hujifunika hasa msimu wa mvua, wakati ule ule mazao yanapokuwa shambani, na kamera ya satelaiti haipenyi wingu. Yule mwenye ekari mia za ngano tambarare anaonekana vizuri kabisa. Mfumo haukumchukia shangazi. Ulifundishwa kwa mashamba yasiyofanana na lake, na hakuna aliyelazimishwa kuhakikisha unamwona.

Kifungu cha 35 cha sheria ile ya data ya 2019 kinasema mtu akifanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, lazima ajulishwe kwa maandishi, na ana haki ya kudai ufikiriwe upya na binadamu. Nilimwandikia shangazi barua, akatia sahihi, tukaituma. Jibu lilikuja kwa adabu sana: tafadhali tutumie nakala ya kitambulisho, picha mpya za shamba, na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita. Yaani alipouliza wamefanya nini na alichowapa, wakaomba zaidi.

Data hizi zikitumiwa vizuri zinamfaa mkulima. Kilimo Salama, mpango wa bima ya mazao, ulipoanza mwaka 2009, bima ilitazama kipimo cha mvua kwenye kituo cha hali ya hewa, na mkulima aliweza kulipwa kwa simu bila mtu kuja kukagua shamba. Mkulima wa robo ekari asingepata bima kwa njia ya zamani, kwa sababu nauli ya mkaguzi ingezidi fidia. Kwa hiyo sizungumzii kuzima mitambo.

Ninachotaka watu wakione ni jinsi mbegu na data zilivyo mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 2013 Monsanto, kampuni ya mbegu, ilinunua Climate Corporation, kampuni ya kuchambua data za hali ya hewa na mashamba, kwa karibu dola bilioni 1. Kwa nini muuza mbegu anunue mawingu? Kwa sababu anayejua udongo wako, mvua yako na mavuno yako anajua pia ni mbegu gani atakuuzia na utaweza kulipa kiasi gani. Mwaka uliofuata wakulima wa Marekani walikaa na makampuni wakaandika kanuni kwamba data ya shamba ni ya mkulima, ila kanuni hizo ni za hiari. Bayer ya Ujerumani ilipoinunua Monsanto mwaka 2018 kwa takriban dola bilioni 63, wadhibiti wa Marekani na Ulaya waliilazimisha iiachie kampuni pinzani ya BASF sehemu ya biashara zake, na katika mashauri hayo kilimo cha kidijitali kilihesabiwa pamoja na mbegu na dawa. Wenzetu walishaelewa kwamba ni soko moja. Sisi bado tuna mkaguzi wa mbegu kwenye jengo moja, kamishna wa data kwenye jengo jingine, wa ushindani wa biashara kwenye la tatu, na sijawahi kusikia wamekaa meza moja kuzungumza habari za kunde.

India nayo ina la kutufundisha. Sheria yao ya 2001 inawalinda wazalishaji wa aina mpya za mimea, lakini inamruhusu mkulima kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu alizovuna, mradi asiziuze kwa jina la kampuni. PepsiCo ilipowashtaki wakulima wa Gujarat mwaka 2019 kwa kulima aina ya viazi vyake vya krisps, ikiwadai baadhi yao rupia milioni 10 na zaidi kila mmoja, kelele zilizoibuka ziliifanya iondoe kesi ndani ya wiki chache. Vita vya hati ya kumiliki aina ile ya viazi viliendelea mahakamani miaka kadhaa. Sheria nzuri haikumaliza ugomvi, lakini ilimpa mkulima mahali pa kusimama.

Bunge letu likiirudia sheria ya mbegu baada ya hukumu ya Machakos, ningependa waongeze ukurasa mmoja ambao haukuombwa na yeyote katika kesi ile. Anayechukua taarifa za mkulima, awe chifu, kampuni au shirika la msaada, aache nakala ya alichoandika, kwenye karatasi au kwenye simu, kwa lugha ambayo mwenye shamba anaisoma. Orodha ya wakulima iliyokusanywa kwa ajili ya mbolea isitumike kwa kodi, kampeni wala kuuzia mbegu bila idhini mpya. Kampuni inayouza mbegu na kukopesha fedha za kuinunulia ieleze hadharani mfumo wake unakataa watu wangapi wenye chini ya ekari moja. Na ushirika wa wakulima uweze kuzishika data za wanachama wake na kujadiliana bei, kama unavyoshika kahawa na maziwa yao. Najua kuna vyama vya ushirika vilivyokula kahawa yenyewe. Hata hivyo viongozi wale angalau unaweza kuwapigia kura ya kuwatoa.

Wabunge watasema watashirikisha umma, maana katiba inawataka. Kwa kawaida hilo ni tangazo la Kiingereza gazetini, na kikao cha asubuhi kwenye ukumbi wa makao makuu ya kaunti, nauli juu yako. Safari hii lisomwe barazani kwa chifu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, na tarehe isipangwe wakati wa palizi.